Hisabati ya kuombea PhD ya sayansi ya siasa Marekani: uanze na nini, uache nini

Mtu aliyesoma HGL au HKL (michepuo ya sanaa ya kidato cha tano na sita Tanzania), kisha akaenda chuo kuchukua shahada ya sayansi ya siasa, kwa kawaida aliagana na hisabati siku alipotoka kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Miaka saba au minane baadaye anafungua tovuti ya idara fulani Marekani na kukuta kwamba mwaka wa kwanza wa PhD una kozi mbili hadi nne za takwimu na nadharia ya michezo (hisabati ya maamuzi ya watu wanaotegeana), na kwamba mwezi Agosti, kabla masomo hayajaanza, kuna kambi ya hisabati. Hapo wengi hufunga ukurasa. Waliobaki hutafuta kitabu cha kalkulasi chenye kurasa mia nane, wakaanza ukurasa wa kwanza, na kufikia mwezi wa tatu wamechoka bado wakihangaika na sini na kosini, vitu ambavyo sayansi ya siasa haina kazi navyo.

Hisabati inayotakiwa ni chache kuliko inavyotisha. Ugumu wake ni kwamba lazima ikae mkononi. Uwe unaweza kuifanya kwa kalamu, bila kufungua majibu, kwa kasi ya mwalimu anayeandika ubaoni. Mwanafunzi aliyezama katika mada nne hadi zikamtii yuko salama zaidi ya aliyepitia mada ishirini juu juu.

Kwanza tujue hesabu hizi ziliingiaje. Mwaka 1962 William Riker alikwenda Chuo Kikuu cha Rochester kuongoza idara ya sayansi ya siasa, na kutoka pale ikakua shule ya kuchambua siasa kwa modeli za kihisabati: kura, miungano ya vyama, mabunge. Upande wa takwimu nao ulikua kwa kasi yake. Leo idara nyingi kubwa humtaka kila mwanafunzi apite kwenye kozi za mbinu, awe anasoma siasa za Marekani, siasa linganishi au uhusiano wa kimataifa. Wanaosamehewa kwa kiasi kikubwa ni wa nadharia ya siasa, wale wa Plato na Hobbes. Kama wewe ni wa kundi hilo, soma sehemu ya GRE (mtihani sanifu wa kuombea masomo ya juu Marekani) hapa chini kisha urudi kwenye Kigiriki chako.

Kamati ya udahili inaona nini

Kamati haikupi mtihani wa hisabati. Inatafuta dalili, na dalili hizo hazina uzito sawa.

Yenye nguvu zaidi ni kozi yenye alama kwenye matokeo ya chuo. Kama bado uko shahada ya kwanza au ya uzamili, nenda idara ya uchumi au ya hisabati ukachukue kozi ya hiari: hisabati kwa wanauchumi, takwimu, au aljebra ya matriksi. A moja katika kozi ya namna hiyo hunena kuliko aya nzima ya kujisifu. Angalia tarehe, maana maombi mengi hufungwa kati ya mwanzo wa Desemba na mwanzo wa Januari. Kozi ambayo alama zake zitatoka Februari itaonekana kama kozi inayoendelea tu. Na usichukue kozi ngumu kwa kuonyesha ubabe. C ya hisabati halisi, ile ya uthibitisho mtupu, ni mbaya kuliko kutokuwa nayo kabisa.

Wastani wako uandike kwa kipimo cha chuo chako. Kama chuo kinahesabu hadi 5, andika 4.2 kati ya 5 na uache hivyo, isipokuwa fomu inadai vingine. Watu hujibadilishia wenyewe kwenda kwenye kipimo cha 4 kwa njia wanazozijua wao, kisha namba ya kwenye fomu na ile ya kwenye cheti hazifanani. Msomaji anabaki na mashaka ambayo hayakuwa na sababu.

Aliyekwisha maliza chuo ana njia mbili. Ya kwanza ni barua ya mapendekezo kutoka kwa mtu aliyemwona akifanya hesabu: mwalimu wa takwimu, au mtafiti aliyemwajiri kusafisha na kuchambua data. Barua inayosema "aliendesha regresheni zote za sura ya nne" (regresheni ni njia ya takwimu ya kupima jinsi kitu kimoja kinavyoendana na kingine) ina uzito kuliko tano zinazosema ni kijana mwenye bidii. Ya pili ni insha ya kielelezo, yaani andiko lako linaloambatanishwa na maombi, yenye data. Chukua makala iliyochapishwa ambayo data yake iko wazi, rudia jedwali lake kuu, kisha ongeza swali lako mwenyewe. Data ya Afrobarometer, utafiti wa maoni ya wananchi wa nchi za Afrika, inapakuliwa bure na ina Tanzania, Kenya na Uganda kwa awamu nyingi, kwa hiyo kisingizio cha kukosa data hakipo. Vyeti vya kozi za mtandaoni viweke kwenye wasifu kwa mstari mmoja. Havidhuru, wala usivitegemee.

Kwenye maelezo ya malengo, hisabati ipewe sentensi mbili. "Nimemaliza kozi ya takwimu kwa alama A, na muhula huu nasoma aljebra ya matriksi" inatosha. "Nina mapenzi makubwa na takwimu" haimwambii msomaji kitu.

Kuhusu GRE: baada ya 2020 idara nyingi ziliuondoa mtihani huu au zikaufanya wa hiari, kwa hiyo angalia kila idara peke yake kabla ya kulipa dola 220. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa. Sehemu ya hesabu ina maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26, na alama ni kati ya 130 na 170. Haina kalkulasi wala trigonometria. Ni hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na kusoma data, na kikokotoo kiko kwenye skrini. Matokeo hudumu miaka mitano. Kwa mtu ambaye hana kozi hata moja ya hisabati kwenye matokeo yake, alama nzuri ya GRE ni fursa, na ningemshauri aufanye hata pale ulipo wa hiari. Ila ajue kwamba kujiandaa kwa GRE hakumwandai kwa mwaka wa kwanza. Ni kazi mbili tofauti, na ya pili ndiyo ndefu.

Msingi ambao watu huuruka

Kabla ya kalkulasi, tenga wiki tatu kwa mambo ambayo kila mtu hudhani anayajua: vipeo, logi, alama ya jumla (ile Σ), na alama za kutolingana.

Alama ya jumla ndiyo inayoangusha watu wiki ya kwanza ya takwimu. Mwalimu anaandika mistari mitatu yenye Σ, anasema "ni wazi kwamba", na nusu ya darasa haijaona uwazi wowote. Dawa ni kuandika kila kitu kwa urefu kwa namba tatu. Chukua 2, 3 na 7. Wastani ni 4. Toa wastani kwa kila namba: −2, −1, 3. Jumla yake ni sifuri. Fanya hivyo kwa seti nyingine tano, kisha thibitisha kwa herufi kwamba itakuwa sifuri daima. Ukiweza hilo, nusu ya uthibitisho utakaokutana nao kwenye regresheni umeshauona.

Logi nazo zina sababu ya kiutendaji. Ukikadiria modeli kwa data ya watu 2,400, unazidisha uwezekano 2,400 pamoja. Hata kama kila mmoja ni 0.5, zao lake ni namba yenye sifuri zaidi ya mia saba baada ya nukta, na kompyuta huikata ikaandika sifuri tupu. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na tatizo linakwisha. Ndiyo maana kila mahali utakutana na "logi ya uwezekano wa data". Haikuwekwa kwa urembo.

Kwenye kutolingana, sheria ni moja na inasahauliwa kila siku: ukizidisha au kugawa kwa namba hasi, alama inageuka. Katika nadharia ya michezo, kosa hili linaweza kumfanya mtu athibitishe kwamba wapiga kura wanapenda kile wanachokichukia.

Aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ana nafuu kidogo hapa, kwa sababu alionjeshwa kutafuta mteremko wa mkunjo na eneo lililo chini yake. Aliyeishia kidato cha nne Tanzania alikutana na matriksi na uwezekano wa awali, lakini kalkulasi hajaiona. Wa EGM au PCM, michepuo yenye hisabati, amekwisha kuviona vyote na anahitaji tu kuondoa kutu.

Kalkulasi: chukua robo, acha robo tatu

Vitabu vingi vya kalkulasi vimeandikwa kwa ajili ya wahandisi. Wewe unahitaji hizi: maana ya kikomo; derivativu, yaani kasi ya badiliko mahali fulani kwenye mkunjo; kanuni ya kipeo, ya zao, ya mgawanyo na ya mnyororo; derivativu za eˣ na ln x; derivativu kwa kigeuzi kimoja huku vingine vimesimama; derivativu ya pili kwa kujua kama uko kileleni au bondeni; na intigrali za kawaida. Ruka trigonometria yote, ujazo wa maumbo yanayozungushwa, na milinganyo ya derivativu. Wiki nane kwa saa saba kila wiki zinatosha.

Kanuni ya mnyororo ndiyo ya kurudia hadi uichoke. Modeli ya logiti, inayotumika kila palipo na jibu la ndiyo au hapana kama vile kupiga kura au kutopiga, ina derivativu inayotokea kwa kanuni hiyo: β, yaani kizidishi cha kigeuzi, ikizidishwa kwa p(1−p), ambapo p ni uwezekano wa jibu la ndiyo. Thamani kubwa kabisa ya p(1−p) ni 0.25. Kwa hiyo ukiona kizidishi cha 0.8 kwenye jedwali la logiti, gawa kwa nne: badiliko la hatua moja haliwezi kuongeza uwezekano kwa zaidi ya takribani 0.2. Anayejua kalkulasi hii ndogo husoma jedwali kwa sekunde tano. Asiyeijua husema kizidishi ni 0.8 na kuendelea na safari.

Sasa tuone kwa karibu hesabu moja kamili ya sayansi ya siasa. Mwaka 1995 James Fearon aliandika makala akiuliza kwa nini mataifa hupigana wakati vita inawagharimu wote wawili. Chukua nchi A na B zinazogombea eneo lenye thamani ya 1. Zikipigana, A inashinda kwa uwezekano wa 0.6. Vita inaigharimu B 0.1. Gharama ya A inaijua A mwenyewe. B inajua tu kwamba iko mahali fulani kati ya 0 na 0.4, na kila thamani ina nafasi sawa. B inatoa ofa moja: A ichukue sehemu x.

A itakubali kama x haipungui 0.6 kutoa gharama yake. Tuite d kile ambacho B inapunguza kutoka 0.6, yaani x = 0.6 − d. A itakataa pale gharama yake ilipo chini ya d, na uwezekano wa hilo ni d/0.4. Ofa ikikubaliwa, B inabaki na 0.4 + d. Ikikataliwa, B inapata 0.4 kutoa 0.1, yaani 0.3. Matarajio ya B ni:

(0.4 + d)(1 − d/0.4) + 0.3(d/0.4)

Fungua mabano kwa uangalifu, utapata 0.4 + 0.75d − 2.5d². Derivativu yake ni 0.75 − 5d. Iweke sawa na sifuri: d = 0.15. Derivativu ya pili ni −5, kwa hiyo hapo ni kileleni. B itatoa ofa ya 0.45, na uwezekano wa vita ni 0.15/0.4, yaani 0.375.

Tazama kilichotokea. B ingeweza kutoa 0.6 na kununua amani ya uhakika, ikabaki na 0.4. Badala yake inacheza kamari, matarajio yake yanapanda hadi takribani 0.456, na vita inatokea zaidi ya mara moja kati ya tatu, bila mtu yeyote kuwa mwendawazimu. Hiyo ni hoja nzito ya uhusiano wa kimataifa, na imetumia kufungua mabano, uwezekano mmoja na derivativu ya daraja la pili. Ukiweza kuifanya mwenyewe kwenye karatasi tupu, kisha ukabadilisha 0.1 kuwa 0.2 na ukaeleza kwa nini jibu limesogea upande uliosogea, uko tayari kwa kozi ya kwanza ya nadharia ya michezo.

Makosa ya kawaida kwenye hesabu hii ni mawili. La kwanza ni kusahau kwamba d lazima ikae kati ya 0 na 0.4. Kama jibu lako limetoka 0.5, kilele kiko ukingoni, na derivativu sawa na sifuri haikusaidii. La pili ni kuanza kutafuta derivativu kabla ya kurahisisha mlinganyo. Inawezekana, ila utajaza ukurasa na utakosea alama ya kutoa njiani.

Uwezekano upewe muda mwingi kuliko vyote

Kama una miezi sita tu, mitatu iwe ya uwezekano. Humo ndimo takwimu zote zinamotoka, na humo ndimo akili ya kawaida inapodanganya zaidi.

Anza na uwezekano wenye sharti na kanuni ya Bayes, kwa hesabu za vichwa kabla ya fomyula. Tuseme kuna vituo 1,000 vya kupigia kura na 100 kati yake vimechezewa. Kipimo cha takwimu hushtua kwenye 90 kati ya hivyo vilivyochezewa, lakini hushtua pia kwenye 180 kati ya 900 vilivyo safi. Kituo kimeshtuliwa, je, kimechezewa? Vilivyoshtuliwa jumla ni 270, na vilivyochezewa kweli ni 90. Uwezekano ni theluthi moja. Kipimo kinachokamata asilimia 90 ya wizi kinakosea mara mbili katika kila tatu kinapopiga kelele, na sababu ni kwamba vituo safi ni vingi mno.

Kisha vigeuzi nasibu, wastani wa matarajio, varianzi (kipimo cha kutawanyika kwa namba), na migawanyo michache: Bernoulli, binomia, Poisson, mgawanyo sawa, ekponensha na normali. Usiikariri yote. Kwa kila mmoja jua unatokana na hali gani, wastani wake na varianzi yake, na uweze kuzipata hizo mbili kwa mkono angalau mara moja. Malizia na matarajio yenye sharti, sheria ya namba kubwa na ile ya kikomo cha kati.

Hapa pana zoezi zuri la nyumbani. Afrobarometer huhoji watu 1,200 au 2,400 kwa nchi. Kwa swali la ndiyo au hapana, kosa sanifu, yaani kiasi ambacho jibu la sampuli huyumba kwa bahati tu, halizidi 0.5 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha sampuli. Kwa 2,400 unapata 0.0102, zidisha kwa 1.96 ili upate uhakika wa asilimia 95, ni asilimia 2 juu au chini. Kwa 1,200 ni takribani 2.8. Ona kwamba kukata kosa nusu kunataka sampuli mara nne. Sampuli mara mbili haitoshi. Sasa chukua uchaguzi wa rais wa Kenya wa 2022: Ruto asilimia 50.49, Odinga 48.85, tofauti ya kura 233,211. Kura ya maoni ya watu 2,400, hata ikifanywa kwa ustadi wote, haiwezi kuitenga tofauti hiyo na bahati nasibu. Hesabu mwenyewe kosa sanifu la tofauti kati ya wagombea wawili kutoka sampuli moja, utaona ni karibu mara mbili ya lile la mgombea mmoja, kwa sababu kura ya mmoja ikipanda ya mwenzake inashuka. Wanaoandika habari za kura za maoni hulisahau hili kila msimu wa uchaguzi.

Matriksi, kwa lengo moja

Wiki sita. Kuzidisha, kupindua safu kuwa nguzo, ditaminanti ya mbili kwa mbili, matriksi kinyume, na dhana ya nguzo zinazojitegemea. Lengo ni kufika kwenye fomyula moja ya regresheni, b = (X′X)⁻¹X′y (X ni matriksi ya vigeuzi, X′ ni hiyo hiyo ikipinduliwa, y ni kile unachokieleza), ukiijua kama unavyoijua njia ya kwenda nyumbani.

Ifanye kwa namba. Chukua x kuwa 1, 2, 3 na y kuwa zile namba zetu 2, 3, 7. Bila matriksi: mteremko ni jumla ya mazao ya michepuko (tofauti ya kila namba na wastani wake), ambayo ni 2 + 0 + 3 = 5, ikigawanywa kwa jumla ya vipeo vya pili vya michepuko ya x, ambayo ni 2. Jibu ni 2.5. Mstari unakata kwenye 4 − 2.5×2 = −1. Sasa kwa matriksi: X ina nguzo ya moja moja na nguzo ya x. X′X ni 3, 6 juu na 6, 14 chini; ditaminanti yake ni 42 − 36 = 6. X′y ni 12 na 29. Kinyume chake ni sehemu moja ya sita ya matriksi yenye 14, −6 juu na −6, 3 chini. Zidisha: (168 − 174)/6 = −1, na (−72 + 87)/6 = 2.5. Njia mbili, jibu moja. Angalia pia mabaki, yaani y kutoa kile mstari unachotabiri: 0.5, −1, 0.5. Jumla yake ni sifuri, na yakizidishwa kwa x kisha kujumlishwa ni sifuri pia. Hilo halikutokea kwa bahati. Ndilo sharti lililotupa fomyula.

Dhana ya nguzo zinazojitegemea itakuokoa mbele ya kompyuta. Tuseme una data ya Kenya na umeweka kigeuzi cha ndiyo au hapana kwa kila kaunti, zote 47, pamoja na nguzo ya moja moja. Nguzo 47 zikijumlishwa zinatoa nguzo ya moja moja, kwa hiyo moja kati ya 48 haina habari mpya, ditaminanti ni sifuri, na kinyume hakipo. R, programu ya kompyuta ya takwimu, haitapiga kelele. Itaandika NA kwa kaunti moja na kuendelea. Asiyejua matriksi atadhani data ya kaunti hiyo imepotea na kushinda siku nzima akiitafuta.

Uthibitisho wa kihisabati na hisabati halisi, ile ya epsiloni na delta, vinawahusu wanaotaka kuwa wananadharia ya michezo au wataalamu wa mbinu wenyewe. Wengine wajifunze kusoma uthibitisho mfupi na kuandika wa mistari mitano. Hiyo inatosha hadi ufike.

Vifaa na saa

Kwa aljebra na kalkulasi ya mwanzo, Khan Academy ni bure na mazoezi yake hukukamata pale ulipolala. Kwa matriksi, mihadhara ya Gilbert Strang ya MIT, kozi 18.06, iko wazi mtandaoni. Wewe unahitaji kama nusu ya kwanza. Kwa uwezekano, kozi ya Joe Blitzstein ya Harvard, Statistics 110, iko YouTube, lakini usiiguse kabla ya kalkulasi. Idara ya Harvard pia huweka wazi maelezo ya kambi yake ya hisabati. Ukiyasoma utajua kiwango kinachosubiriwa, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Kitabu kimoja kilichoandikwa hasa kwa watu wetu ni cha Will Moore na David Siegel, cha 2013, na Siegel ameweka video zake za kukifundisha mtandaoni. Pakua video usiku bando linapokuwa nafuu, kwa ubora wa chini. Ubao unasomeka vizuri tu.

Video bila kalamu ni burudani. Kwa kila saa ya kutazama, mbili ziwe za mazoezi kwenye kaunta buku, na majibu yasifunguliwe kabla ya dakika ishirini za kuhangaika. Swali ulilolikosa liandike nyuma ya daftari na ulirudie baada ya wiki, bila kuangalia. Nadhani zoezi hili peke yake ndilo linalotenganisha wanaofaulu na wanaosema "nilikuwa nimeelewa lakini".

R ije baada ya kuanza uwezekano. Ni bure, na RStudio pia. Wanaotangulia nayo hujifunza kubonyeza regresheni kabla ya kujua ni nini, na kuondoa tabia hiyo ni kazi. Itumie kwanza kuhakiki hesabu zako za mkono: iambie izalishe sampuli 10,000 za watu 2,400, uone kama kosa sanifu ni 0.0102 kweli.

Anayeomba Desemba aanze Januari. Wiki tatu za msingi, nane za kalkulasi, kumi na mbili za uwezekano, sita za matriksi. Hizo ni wiki 29, kwa saa saba au nane kila wiki. Unafika Agosti ukiwa na nafasi ya GRE mwezi wa Septemba na ya insha ya kielelezo Oktoba. Ukichelewa, kata matriksi isogee mbele. Majibu ya udahili hutoka zaidi Februari na Machi, na siku ya kuamua ni 15 Aprili kwa idara nyingi, kwa hiyo kati ya hapo na kambi una miezi minne mingine. Itumie kurudia uwezekano na kumalizia matriksi, kwa sababu uliyoyasoma mwaka jana yatakuwa yamefifia nusu.

Kambi yenyewe huchukua wiki moja hadi tatu, na hupita mada zote nilizozitaja kwa siku kadhaa. Aliyezikuta huko kwa mara ya kwanza hazishiki. Aliyezijua tayari anapata nafasi ya kuzoea lafudhi ya mwalimu, alama anazotumia ubaoni, na watu watatu wanne wa kufanya nao mazoezi ya kila wiki mwaka mzima. Hao wa mwisho watafute ndani ya siku mbili za mwanzo, kabla vikundi havijajipanga.